Mali ya Wote Ina Wenyewe

Kuna usemi uliozoeleka mitaani kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Husikika pale bomba la maji la kijiji linapopasuka na kukaa miezi bila kuitiwa fundi, au madawati ya shule yanapogeuzwa kuni. Maana yake ni kwamba kitu cha watu wengi hakitunzwi na mtu yeyote, na kwa hiyo mwisho wake ni kuharibika. Mimi nimefundisha watoto, nikafundisha walimu, na hatimaye nikaongoza shule, na siwezi kusema kwamba usemi huo ni uongo. Nasema tu kwamba si ukweli wote.

Nataka kueleza habari za mali moja ya wote ambayo imedumu kwa zaidi ya miaka ishirini na imekua kila mwaka, ingawa sehemu kubwa ya kazi yake inafanywa na watu wasiolipwa hata senti moja. Ni hazina ya picha, sauti na filamu iliyomo katika intaneti, iitwayo Wikimedia Commons. Mtu yeyote anaweza kuweka humo kitu chake, na mtu yeyote anaweza kuchukua na kutumia bila malipo. Kwa kanuni ya usemi wa mitaani, ilipaswa iwe imekufa zamani. Inafaa tujiulize kwa nini haikufa.

Jina lenyewe lina historia. Kwa Waingereza, neno hilo lilikuwa la ardhi ambayo wanakijiji walikuwa na haki ya pamoja ya kuchungia mifugo na kuokota kuni. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala mashuhuri akidai kwamba malisho ya namna hiyo hayana budi kuangamia. Kila mchungaji, alisema, huona faida ya kuongeza ng'ombe mmoja zaidi, kwa kuwa faida ya ng'ombe ni yake peke yake ilhali hasara ya nyasi ni ya wote. Basi kila mmoja huongeza, mpaka panabaki vumbi.

Wengi waliamini hivyo. Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa, naye wa Marekani, hakuridhika. Alichunguza mahali ambapo watu walikuwa wametumia malisho, misitu na mifereji kwa pamoja kwa mamia ya miaka, na mwaka 1990 akatoa kitabu. Humo alieleza habari za kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, chenye kanuni ya mwaka 1517: mwanakijiji asipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko wale anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Ni kanuni ya mstari mmoja tu, lakini ililinda nyasi kwa karne nyingi. Mwaka 2009 Ostrom alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alichotuonyesha ni kwamba mali ya wote hudumu pale watumiaji wenyewe wanapotunga kanuni, wanapochungana, na wanapokuwa na mahali pa kumalizia ugomvi.

Picha, hata hivyo, si kama nyasi. Watu elfu wakiitumia leo, kesho itakuwa vile vile. Kwa hiyo hatari ya hazina ya picha haitokani na wingi wa watumiaji. Inatokana na kuingizwa kwa vitu vya wizi, vitu vya uongo, na vitu ambavyo hakuna anayejua ni nini. Nyasi zikiisha mchungaji huona kwa macho. Katika hazina ya picha kinachoisha ni imani, nayo huisha kimyakimya. Habari za Commons ni habari za namna watu walivyojipanga kuilinda imani hiyo.

Ilianza hivi. Kamusi elezo ya Wikipedia ilifunguliwa kwa Kiingereza Januari 2001, na katika muda mfupi lugha nyingine zikawa na za kwao. Ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Lakini kila lugha ilikuwa na ghala lake la picha. Mtu akiweka picha nzuri ya Mlima Kilimanjaro katika kamusi ya Kijerumani, mwandishi wa Kiswahili hakuweza kuitumia mpaka aihamishie kwake, na Mfaransa naye vivyo hivyo. Kazi ile ile ilirudiwa tena na tena, na katika kila uhamisho ilikuwa rahisi jambo moja kupotea njiani: jina la mpiga picha, tarehe, au ruhusa yake. Machi 2004 Mjerumani Erik Möller alipendekeza liwepo ghala moja litakalotumiwa na lugha zote. Tarehe 7 Septemba 2004 likafunguliwa.

Walimu wataielewa haja hiyo upesi. Chuoni, kila mwanachuo alitakiwa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana: moyo wa binadamu kwenye karatasi ya manila, ramani ya Afrika juu ya gunia la unga lililofuliwa. Mazoezi ya kufundisha yakiisha kila mmoja aliondoka na zake, na mwaka uliofuata wengine wakachora moyo ule ule. Nilipokabidhiwa shule tulitenga chumba kimoja kuwa stoo ya zana. Kila chati iliandikwa nyuma yake jina la aliyeichora, somo, darasa na mwaka, kisha ikaingizwa katika leja. Kuchora walimu walikupenda. Leja hakuitaka mtu. Walakini stoo isiyo na leja, hata ikijaa hadi darini, ni lundo tu, kwa sababu hujui kilichomo, hujui ni cha nani, na hujui kama unaruhusiwa kukichukua.

Suala hili la ruhusa lina uzito wa kisheria. Chini ya Mkataba wa Bern wa mwaka 1886 pamoja na marekebisho yake, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, mtunzi ana haki miliki juu ya kazi yake tangu anapoifanya, bila kulazimika kuisajili popote. Jambo hilo ni jema kwa mtunzi. Lakini lina upande wa pili. Picha ambayo mwenyewe hakusema neno juu yake ni picha iliyofungwa, hata kama moyoni alipenda itumiwe na kila mtu. Ukimya wa mwenye mali haugeuki kuwa idhini.

Njia ya kulitatua hilo ilikwisha kuonyeshwa katika miaka ya 1980 na mtaalamu wa programu za kompyuta, Richard Stallman wa Marekani. Wazo lake lilikuwa kwamba mtunzi aitumie haki yake ile ile ya kisheria kuandika ruhusa ya wazi, yenye masharti machache. Mwaka 2001 ikaundwa taasisi ya Creative Commons, ambayo profesa wa sheria Lawrence Lessig alikuwa miongoni mwa waasisi wake, na Desemba 2002 ikatoa leseni zake za kwanza. Sasa mpiga picha asiyekuwa na wakili aliweza kutamka kwa maneno yanayokubalika kisheria: itumieni, mradi mnitaje jina. Au: itumieni, mnitaje, na mtakachokitengeneza kutokana nayo kiwe wazi kwa masharti haya haya.

Commons ina sharti moja ambalo huwashangaza wengi. Haipokei picha iliyoandikwa kwamba isitumiwe katika biashara. Mtu husema: nimekubali kuwapa wanafunzi bure, kwa nini nimpe na mfanyabiashara? Nami niliposoma sharti hilo nilikumbuka vitabu vya kiada. Mchapishaji mdogo anayetoa kitabu cha sayansi cha darasa la tano lazima akiuze, maana karatasi na wino havipatikani kwa dua. Ruhusa ikimtenga yeye, imemtenga na mtoto aliyekuwa akingojea kitabu.

Sasa tutazame kazi yenyewe ya kila siku. Anayeweka picha hutakiwa kujibu maswali: nani ameipiga, imetoka wapi, ni ya lini, na inatolewa kwa ruhusa gani. Baada ya hapo inakuwa mbele ya macho ya watu asiowajua. Wako wanaopanga picha katika makundi. Wako wanaotambua ndege, wadudu na mimea na kurekebisha majina yaliyokosewa. Wako wanaosafisha picha zilizochakaa, wanaotafsiri maelezo, na wanaosoma barua za idhini kutoka kwa wenye picha. Mtu akitilia shaka picha fulani huiwekea pingamizi kwa maandishi, na kwa kawaida mjadala huachwa wazi kwa siku saba ili kila mwenye hoja aseme. Kisha huamua mmoja wa wale ambao katika Wikipedia ya Kiswahili huitwa wakabidhi. Ni jina zuri, kwa kuwa huwakumbusha kwamba mali si yao, wamekabidhiwa tu. Nao huchaguliwa na wenzao kwa kura, na hutakiwa kuungwa mkono na walau robo tatu ya waliopiga.

Iko pia Wikimedia Foundation, taasisi iliyoundwa Marekani mwaka 2003, ambayo hulipia mitambo kwa michango ya watu na ina waajiriwa wa mishahara. Lakini kuamua picha ipi ibaki na ipi iondoke ni kwa kawaida kazi ya watu wa kujitolea.

Kanuni yao inayonivutia zaidi ni ile ya tahadhari. Pakiwa na shaka kubwa kama picha ni huru kweli, huondolewa. Hawakubali hoja kwamba mwenyewe hatajua, wala kwamba akijua hatashtaki, wala kwamba hajulikani alipo. Katika ofisi ngapi hoja hizo tatu zimetosha kuhalalisha mambo! Hapa zinakataliwa na watu ambao hakuna bosi anayewasimamia. Tena picha iliyoondolewa kwa sababu haki miliki yake haijaisha haitupwi moja kwa moja. Huweza kuandikwa katika orodha ya mwaka ambao muda wake utakwisha, ili irudishwe mwaka huo ukifika. Watu wanatunza orodha za miaka ambayo huenda baadhi yao hawataiona. Nimeona kamati za shule zisizofikiri kupita mwisho wa muhula.

Kwa utaratibu huo hazina ilikua. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilifikisha faili milioni 1. Mwaka 2011 zikawa milioni 10, na Januari 2023 zikapita milioni 100. Sehemu ya ukuaji huo ilitokana na mashindano. Mwaka 2010 watu wa kujitolea nchini Uholanzi waliwaalika wananchi kupiga picha majengo ya kale ya nchi yao. Mwaka uliofuata nchi nyingine za Ulaya zilijiunga, zikakusanywa picha zaidi ya 160,000, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikayatambua kuwa mashindano makubwa kuliko yote ya upigaji picha.

Zikaja pia zawadi kutoka kwa taasisi kubwa. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani, yaani Bundesarchiv, ilitoa picha za kihistoria zaidi ya 80,000 ziwekwe humo. Miezi michache baadaye, Julai 2009, ilitokea habari ya kinyume. Mawakili wa jumba la National Portrait Gallery la London walimwandikia mjitolea mmoja wa Marekani wakimtaka aondoe picha zaidi ya 3,000 alizozichukua katika tovuti yao. Michoro hiyo ilikuwa ya kale mno kuwa na haki miliki, ila jumba lilidai kwamba kuipiga picha kumezaa haki mpya. Wajitolea walijibu kwa msimamo uliotolewa na mahakama ya New York mwaka 1999, kwamba nakala aminifu ya mchoro wa kale haimpi mtu haki mpya. Picha hazikuondolewa.

Hata zawadi ya Wajerumani haikwenda bila manung'uniko. Baada ya muda hifadhi hiyo haikuendelea kuongeza picha nyingine, na moja ya malalamiko yake lilikuwa kwamba watumiaji wengi walizichukua bila kutaja zilikotoka. Sharti la kutaja jina ni dogo kuliko yote, na ndilo lililovunjwa. Hazina inaweza kujilinda dhidi ya anayeingiza kitu cha wizi. Dhidi ya anayechukua bila shukrani haina ulinzi mkubwa, isipokuwa malezi yake huyo mtu.

Zawadi hiyo ya Ujerumani inatuhusu sisi kwa karibu sana. Ndani yake zimo picha za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyefanya kazi Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Humo mna askari katika gwaride, mandhari ya Usambara, mitaa ya miji yetu ilivyokuwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Picha za namna hii mwalimu wa historia wa zamani aliziona kwa nadra, tena katika vitabu vya bei kubwa vilivyochapwa ng'ambo. Leo mwanafunzi wa Tabora mwenye simu anaweza kuzifungua bila kulipa ada.

Lakini picha ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni maelezo, na maelezo ya wakati ule yaliandikwa na watawala kwa macho ya watawala. Aghalabu hutaja aina ya mtu na kuacha jina lake: askari, mpagazi, mwanamke. Bundesarchiv wenyewe walilijua hilo. Picha zao zimeambatanishwa na onyo kwamba maelezo ya asili yamehifadhiwa kama kumbukumbu, na yanaweza kuwa na makosa, upendeleo, au siasa kali za wakati wake. Wakaomba wasomaji wawaonyeshe penye kosa, na ukatengwa ukurasa maalumu ambapo wajitolea waliorodhesha mahali palipotajwa vibaya na tarehe zisizowezekana. Yaani hifadhi ya dola kubwa ilikubali kusahihishwa na watu wa kawaida. Katika miaka yangu yote ya ualimu, ni nadra kukutana na ofisi iliyoomba kusahihishwa.

Hapa ndipo ninapoona jambo zito kwetu. Wajitolea wengi wa hazina hii wako Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na picha nyingi hutoka huko. Za kwetu, kwa sehemu kubwa, zimepigwa na wageni waliokuja kwa wiki mbili wakapiga simba, mlima na mawio ya jua Zanzibar. Siwalaumu. Wametoa walichonacho, na wametoa bure. Ila mgeni hawezi kujua kwamba mti ule ulikuwa baraza la wazee, au kwamba jengo lile lenye bati lililopinda lilikuwa shule ya kwanza ya tarafa nzima. Asipoandika mwenyeji, maelezo yatabaki kuwa "mti" na "jengo".

Milango imefunguliwa. Tangu mwaka 2014 kuna mashindano ya Wiki Loves Africa, yaliyoanza kwa mada ya vyakula vya Afrika, na miaka iliyofuata yakagusa mavazi, muziki na ngoma, na watu kazini. Tangu mwaka 2019 mtu anaweza kuongeza chini ya picha yoyote maelezo mafupi kwa lugha anayoitaka, na Kiswahili kimo. Haihitaji kamera kufanya hivyo. Anayejua tofauti ya ungo na uteo ana la kuchangia. Fundi wa majahazi anayejua kila ubao wa chombo kwa jina lake ana kubwa zaidi.

Narudi kwenye usemi wa mitaani. Mali ya umma haina mwenyewe pale tunapofikiri kwamba kuwa na mali ni kuichukua tu. Wale watu wa Törbel walikuwa wenye mlima kwa sababu walihesabu ng'ombe. Wajitolea wa Commons ni wenye hazina kwa sababu wanaandika leja: nani, wapi, lini, kwa ruhusa gani. Hakuna sheria inayotuzuia sisi kuwa wenyewe kwa njia hiyo hiyo, na hakuna wa kutufanyia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu walio bado kazini, na vijana wenye simu mikononi. Pigeni picha za soko, za mashua, za majengo yanayokaribia kubomolewa. Taja mahali, tarehe na jina lako, na ukimtaja mtu mtaje kwa ridhaa yake. Andika kwa Kiswahili. Kisha chukua zile picha za kale, uende nazo kwa wazee, uwaulize ni nani huyu na nyumba hii ilikuwa ya nani. Waliopigwa picha mwaka 1910 hawapo. Wajukuu wao wapo, baadhi ni wazee kunizidi, na majina wanayoyakumbuka hayakuhifadhiwa Ujerumani wala mahali pengine popote.